Juu ya Kuwafunza Watoto Kula Mboga na Matunda katika Nchi ya Chai

Mgeni aingiapo Merigi, katika upande wa mashariki wa kaunti ya Bomet, hukutana na nchi isiyompa sababu ya kuwaza habari za lishe haba. Vilima vimefunikwa na chai toka bondeni hadi kileleni. Mvua haikawii kurudi. Maboma mengi yana ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya nyumba husimama migomba michache ambayo majani yake hayakauki mwaka mzima. Katika nchi ya namna hiyo mtu angetazamia kumkuta kila mtoto na siha kamili. Lakini uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulibainisha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watoto wa kaunti hii waliokuwa chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 26. Na ijapokuwa uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta hesabu ya taifa imeteremka hadi asilimia 18, bado swali lile la awali ladai jibu, nalo ni hili: imekuwaje ardhi yenye rutuba na mvua ikalea watoto ambao vimo vyao havilingani na umri wao?

Insafu yatutaka tukiri kwanza kwamba kudumaa hakuzaliwi na sababu moja. Maji machafu, kuhara kwa mara kwa mara, uzazi usiopishana vizuri na kunyonya kulikokatizwa mapema, yote haya huingia katika hesabu, na mtu atakayesema kwamba mtoto hudumaa kwa kukosa mchicha tu atakuwa amelidhulumu jambo kubwa. Walakini katika sababu hizo iko moja iliyo karibu na mkono wa kila mzazi, nayo ni ufinyu wa sahani. Mtoto wa Merigi aghalabu halali na njaa: hula ugali, ambao Wakipsigis, wenyeji wa huko, huuita kimnyet, hula viazi na mahindi, hunywa maziwa na chai, akashiba, lakini hushiba kila siku kwa vitu vilevile, na mwili wake ukakosa zile chembe ndogo za madini na vitamini ambazo hazionekani kwa macho wala upungufu wake hausikiki tumboni, na ambazo makao yake makubwa ni mboga za majani na matunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lamtaka mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 ale gramu 350, na kuanzia miaka 10 ale gramu 400 sawa na mtu mzima. Si kiasi cha kutisha. Bakuli dogo la mboga iliyopikwa, ndizi moja na pera moja hutosha kumtimizia mtoto mdogo haki yake.

Desturi yetu, tuonapo jambo limeharibika katika maisha ya watu wazima, ni kuliandika katika mtaala na kulipeleka kwa watoto, kana kwamba watoto ndio waliolihar­ibu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za Kenya mwaka 2019, uliwapa watoto wa gredi za chini mafunzo ya usafi na lishe, na baada ya marekebisho ya mwaka 2024 lishe iliunganishwa na kilimo ikawa somo moja kwa watoto wa gredi za juu za shule ya msingi. Sina neno la kulilaumu kusudio hilo. Ni jema, na walimu wengi hulitumikia kwa moyo safi. Mtoto wa miaka 8 husimama mbele ya picha iliyobandikwa ukutani akataja vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kuukinga mwili, wala hakosei hata kimoja. Akiulizwa faida ya karoti atasema ni macho. Lakini kengele ikilia hurudi katika nyumba ambamo karoti haijaingia kwa majuma mengi, na maarifa yake yakabaki katika daftari yakingoja mtihani.

Kwamba maarifa peke yake hayamlishi mtu, ushahidi tunao, tena ushahidi mzito. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba watu wazima 94 katika kila 100 nchini Kenya hawafikii kiasi cha mboga na matunda kinachopendekezwa kwa siku. Wengi wa watu hao walipita shuleni, wakayaimba makundi ya vyakula kama watoto wao wayaimbavyo leo, na wakapata alama. Ikiwa kizazi kizima kilifundishwa na hakikula, hapana budi tuuchunguze ufundishaji wenyewe, hususan dhana yake ya msingi kwamba mtoto akielezwa faida ya kitu atakitamani. Rai yangu ni kwamba ladha ina shule yake, ambayo mlango wake hufunguliwa mapema zaidi kuliko mlango wa chekechea, na walimu wake si wale tuliowaajiri.

Wataalamu wa tabia za watoto wamelichunguza jambo hili kwa subira. Huko Marekani, mwanamke mmoja msomi aitwaye Leann Birch alionyesha, katika kazi aliyoianza miaka ya 1970 na kuiendeleza kwa miongo kadhaa, kwamba mtoto akikikataa chakula kipya mara ya kwanza hajakitolea hukumu ya mwisho. Akikutanishwa nacho tena na tena kwa amani, mara kumi hivi au hata zaidi, hofu yake hupungua, ulimi ukakizoea, na hatimaye akakipenda. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Huyo huyo Birch na wenzake waligundua mwaka 1984 jambo la kushangaza zaidi: mtoto anayeahidiwa zawadi ili ale chakula fulani hukila siku ile, lakini baadaye hukipenda kidogo kuliko alivyokuwa akikipenda kabla ya zawadi, kwa maana akili yake changa hukata shauri kwamba kitu kinacholipiwa hakiwezi kuwa kizuri chenyewe. Naye Julie Mennella, wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, alitangaza mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba, au wakati wa kunyonyesha, waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa furaha kuliko wale ambao mama zao hawakuyanywa. Mtoto, basi, hula pamoja na mama yake kabla hajaota jino.

Maneno haya ya maabara yangeweza kuonekana ya kigeni kwa mama wa Merigi, lakini hayamwambii asilolijua. Wakipsigis wana mboga chungu, na chungu kwelikweli: mgagani, ambao wao huuita isagek na ambao sokoni hujulikana zaidi kwa jina la saga, pamoja na mnavu, ambao Wakenya wengi huuita managu. Hizi si mboga ambazo ulimi wa mtoto huzikimbilia. Tangu zamani, hata hivyo, akina bibi hawakuzitoa kwa watoto katika uchungu wake mtupu. Walizichemsha, wakazitia maziwa au malai, wakaziacha chunguni zilale usiku kucha ili makali yaishe, na kesho yake mtoto akakuta mboga laini yenye utamu wa maziwa juu na uchungu uliobaki kwa mbali. Elimu ya lishe ya leo yatuambia kwamba asili ya vitamini A iliyomo katika majani ya kijani huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Kwa hivyo yule bibi, aliyekuwa hajui jina la vitamini hata moja, alikuwa ametenda mambo mawili kwa tendo moja, akaipoza ladha na akaifungulia mboga njia ya kuingia mwilini. Ukiteremka hadi Pwani utalikuta jambo lilo hilo limefanywa kwa tui la nazi katika kisamvu na mchicha, na hapana mtoto wa Lamu wala wa Unguja anayehitaji hotuba ili ale kisamvu cha nazi kilichopikwa na mkono unaojua.

Hapa ndipo tulipopata hasara ambayo haijahesabiwa sawasawa. Mafunzo ya kilimo yaliyofuata mitindo ya Ulaya yaliihesabu mimea kama mgagani na mnavu kuwa magugu ya kung'olewa, na mboga zilizopewa heshima ya kuandikwa vitabuni zikawa kabichi na wenzake. Alihitajika mtu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kutumia umri wake wa usomi kuthibitisha kwa vipimo kwamba mboga za asili za Kiafrika ni hazina ya madini na vitamini. Naye amesimulia kwamba utotoni mwili wake uliyakataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga hizo hizo. Kazi yake na ya wenzake imezirudisha mboga hizi katika masoko, hata katika maduka makubwa ya Nairobi, ambako saga na managu sasa hupangwa kwa mafungu safi karibu na kabichi. Lakini mboga kurudi sokoni ni jambo moja, na ujuzi wa kuipika kurudi jikoni ni jambo jingine. Mama kijana aliyekulia bwenini, akazoea kabichi ya kuchemshwa, hununua fungu la saga, hulichemsha, humwaga maji yote ya kwanza pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C, pengine hutia magadi ili majani yalainike upesi, na magadi yakaiharibu sehemu iliyobaki. Kisha humpa mtoto kitu kichungu kisichokuwa na malai wala vitunguu, na mtoto akikikataa husema kwamba watoto wa siku hizi hawapendi mboga. Mtoto huyo hana hatia. Kama liko somo moja la lishe ambalo ningetaka lifundishwe Merigi kabla ya masomo mengine yote, ni bibi kuitwa shuleni na chungu chake, apike mbele ya watoto na mbele ya mama zao, na watu wote waonje.

Kuhusu matunda hali ni nyingine. Katika jamii za wafugaji, tunda lilikuwa mali ya mtoto wa machungani: kijana aliyetumwa na ng'ombe alikula zambarau mwitu na matunda mengineyo ya vichaka, akajua lipi huiva mwezi gani na lipi lina sumu, na alipokua akaingia utu uzima aliyaacha kama alivyoacha michezo ya utotoni. Mwanamume mzima alikula nyama, akanywa mursik, yaani maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu chake, na hakuonekana akitafuna tunda mbele ya watu. Mila hiyo ilikuwa na mantiki yake maadamu misitu ilikuwepo na machunga yalikuwepo, kwa sababu mtoto alijilisha mwenyewe bila ya kumtaka mzazi ushauri. Leo vichaka vimefyekwa, mtoto yuko darasani tangu alfajiri, naye ng'ombe hufungwa bomani akaletewa majani. Njia ya mtoto kulifikia tunda imefungwa, lakini wazo kwamba tunda ni kitu cha kitoto kisichostahili fedha ya mtu mzima limebaki mahali pake. Mtoto naye hujifunza kwa kuangalia, na akimwona baba hali tunda abadani, huelewa bila kuambiwa kwamba kukua ni kuacha matunda. Picha ya ukutani itashindanaje na baba?

Chai yenyewe, ambayo ni neema ya Merigi na ambayo imesomesha watoto wengi wa huko hadi vyuo vikuu, huingia katika suala hili kwa milango miwili, yaani mlango wa ardhi na mlango wa kikombe.

Tuanze na ardhi. Chai ilipandwa kwa biashara katika nchi ya Kericho na makampuni ya Kiingereza tangu miaka ya 1920, katika ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wameondolewa, na Mwafrika hakupewa nafasi ya kuipanda mpaka mageuzi ya kilimo yaliyojulikana kwa jina la Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 yalipomfungulia njia. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikarithiwa na KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai, ambayo ilimletea mkulima mdogo miche, barabara na kiwanda. Na leo viwanda kama Kapkoros na Tirgaga, katika kaunti hii hii ya Bomet, hupokea majani ya wakulima ambao babu zao wangeliadhibiwa kwa kuotesha mti mmoja. Si ajabu basi kwamba watu waliionea chai fahari, wakaipanda hadi ukutani mwa nyumba. Lakini shamba halitanuki. Ardhi iliyogawanywa baina ya wana, kisha baina ya wajukuu, ikiwa imekwisha kujaa chai, huacha kipande cha nyuma ya jiko tu kwa ajili ya mboga, na kipande hicho nacho hupunguzwa kila mara iongezwapo safu moja ya michai. Mchai ukishapandwa hukaa miongo mingi. Uamuzi wa kuupanda ni uamuzi wa kizazi kizima.

Mtu atasema: chai huleta fedha, na fedha hununua mboga. Laiti ingekuwa hivyo! Fedha ya chai huja kila mwisho wa mwezi kwa kiasi kidogo, kisha huja bonasi mara moja kwa mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, kwa kiasi kikubwa. Ya mwezi humezwa na unga, sukari, mafuta ya taa na madeni ya dukani, na bonasi huenda kwa karo, mabati, ng'ombe au kipande kingine cha ardhi. Tunda halimo katika fedha ndogo wala halimo katika fedha kubwa. Tena akaunti ya chai aghalabu ni ya mwanamume, ilhali bustani ya mboga ni ya mkewe, hata ikawa kila shina la chai linaloongezwa huhamisha chakula kutoka katika mamlaka ya mama kwenda katika mamlaka ya baba, bila ya mmoja wao kukusudia ubaya. Na hata pale ambapo matunda yapo, kama vile parachichi na ndizi, dalali huja na lori lake akanunua zao lote likiwa bado mtini, na mtoto wa nyumba hiyo hulitazama tunda likipita barabarani kwenda kwa watu wengine. Simlaumu mzazi auzaye. Ana haja zake. Nasema tu kwamba debe moja lililobakizwa nyumbani halitamfilisi mtu.

Mlango wa pili ni kikombe. Chai nzito ina tanini, na tanini huyashika madini ya chuma yaliyomo katika mboga, mahindi na maharagwe, ikayazuia yasipokewe na mwili; kwa hivyo mtoto anayekula saga na ugali kisha akateremshia kikombe cha chai papo hapo huwa amepewa chuma kwa mkono mmoja na kupokonywa kwa mkono mwingine. Katika nchi ambayo chai hunywewa asubuhi, mchana na jioni, na hutiwa mtoto tangu angali mdogo mno, jambo hili halipaswi kufichwa kwa kuwaonea haya wenye chai. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: chai isogezwe mbali na chakula, kwa muda wa saa moja hivi kabla au baada, na mahali pake mezani pachukuliwe na kipande cha tunda chenye vitamini C, ambayo hutenda kinyume cha tanini, yaani huusaidia mwili kukipokea chuma cha mboga. Pera la kawaida, lile ambalo huoza chini ya mti pasipo mtu kuliokota, lina vitamini hiyo mara kadhaa zaidi ya chungwa lililonunuliwa. Somo hili lingefaa kufundishwa Bomet na Kericho hata kama halifundishwi popote pengine, lakini mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nchi nzima haulitaji kwa uzito unaostahili, kwa sababu nchi nzima haiishi katikati ya michai.

Wako wanaoshauri kwamba watoto watishwe. Wanayo sababu ya kuogopa: mwaka 2002 madaktari waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya Tenwek waliandika katika jarida la Lancet la London kwamba saratani ya umio ilikuwa maradhi ya kawaida katika wilaya ya Bomet, tena ikiwapata hata vijana, jambo ambalo ni nadra katika nchi nyingine. Sababu zake ni zaidi ya moja. Uhaba wa mboga na matunda umehusishwa na maradhi hayo katika sehemu nyingi za dunia, na mwaka 2016 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, iliviweka vinywaji vya moto mno, vyenye kupita nyuzi 65 za selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo yamkini huisababisha. Haya wazazi wayajue, na chai ya watoto iachwe ipoe. Lakini kumwambia mtoto wa miaka 6 kwamba asipokula mboga atakufa kwa saratani kama fulani wa jirani ni kumbebesha msiba usio wake, tena hakuna faida, kwa kuwa chakula kilichofungamana na hofu ni chakula kinacholiwa kwa kuviziwa. Mtoto na ale saga kwa sababu ni tamu, na wajibu wa kuifanya iwe tamu ni wetu.

Shule inabaki na kazi yake, na kazi hiyo iko nje ya darasa kuliko ndani. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake latokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 ili watoto wajifunze kilimo kwa mikono yao; vikafifia kwa muda mrefu, kisha serikali ikavifufua mwaka 2021. Tanzania nayo, katika waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, ilitaka kila shule iwe na shamba lake. Hekima iliyomo katika mawazo haya ni kubwa: mtoto aliyeotesha kabichi huionja, kwa kuwa binadamu hupenda kuona mwisho wa kazi yake. Lakini tumeiharibu hekima hiyo kwa tabia moja mbaya iliyoenea pande zote mbili za mpaka, yaani kulifanya jembe kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa hupelekwa bustanini. Aliyepiga kelele hupelekwa bustanini. Na mazao yakiiva huliwa na walimu au huuzwa. Mtoto huyo amefundishwa kwa nguvu zote kwamba mboga ni mali ya wakosaji. Mwalimu mkuu anayetaka bustani ya shule imzalie matunda ya elimu, kwanza aipige marufuku kuwa mahali pa kuadhibia, na pili ahakikishe kwamba kila jani linalovunwa linapita katika kinywa cha aliyelimwagilia maji.

Kuhusu chakula cha shule tuna kumbukumbu njema na mapungufu. Waliosoma miaka ya 1980 hawajayasahau maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa na Rais Moi mwaka 1979, na wapo watu wazima ambao kwao kifurushi kile ndicho alama ya utoto wao. Mpango wa chakula cha mchana ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, na ambao serikali iliuchukua wote mwaka 2018, ulikusudiwa hasa sehemu kame, na chakula chake kimekuwa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi. Ni chakula cha kuokoa, na kimeokoa wengi, lakini hakina jani wala tunda, na Bomet ya kijani haikuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Waingereza wao, tangu mwaka 2004, wamekuwa wakimpa kila mtoto wa shule za serikali nchini mwao mwenye miaka 4 hadi 6 tunda moja au mboga moja kila siku ya masomo. Na wachunguzi walipofuatilia waliona kwamba watoto walikula zaidi katika miaka ile ya kupewa, kisha ongezeko hilo likafifia walipopita umri. Mimi nalisoma jambo hilo kama uthibitisho wa nilivyosema: shule ilitoa tunda, lakini nyumba haikubadilika, na nyumba ndiyo iliyobaki baada ya shule kuondoa mkono wake.

Hata hivyo nisingependa hoja hii iwe kisingizio cha serikali kukunja mikono. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi, na Katiba hiyo hiyo iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mtoto wa miaka 4 wa Merigi yuko chini ya Bomet, na hapana haja ya kungoja Nairobi ili uji wake wa saa nne ufuatwe na ndizi au kipande cha parachichi. Kaunti ikinunua matunda hayo kwa wakulima wa kata ile ile, kwa bei inayojulikana na kwa mwaka mzima, itakuwa imempa mzazi sababu ya kibiashara ya kuacha nafasi ya mti katikati ya chai, na sababu ya namna hiyo baba huisikiliza upesi kuliko mahubiri.

Maana kwa baba ndipo tunaporudi kila mara, na ndipo ambapo mafunzo yetu hayajapata kufika. Mikutano ya lishe huitishwa kliniki, na kliniki huenda mama na mtoto. Mikutano ya chai huitishwa kwenye kituo cha kununulia majani, na huko huhudhuria wenye ardhi. Ofisa wa kilimo husema na mmoja, mhudumu wa afya husema na mwingine, na sahani ya mtoto huanguka katikati. Mahali pa kuwakutanisha pako, tena pa asili, nalo ni baraza la kokwet, ambako wanaume wa Kipsigis wamezoea kukata mashauri ya ardhi, mipaka na ugomvi. Swali la kuliweka mbele ya baraza hilo, mwezi wa Septemba kabla bonasi haijagawiwa, lina sehemu mbili tu: ni safu ngapi za chai kila boma litaziondoa karibu na jiko, na ni miche gani itakayopandwa mahali pake. Mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na mgagani huwa tayari kuchumwa katika majuma machache. Kwa hivyo boma litakaloamua mwaka mtoto wake anapoingia chekechea litakuwa na mboga chunguni kabla ya muhula kwisha, na tunda la kwanza la mti wake mtoto atalila akiwa gredi ya 2 au ya 3.